Chupa Isiyoonjwa

Mama yangu alikuwa na mianzi bondeni, chini ya nyumba yetu, pale kijito kinapopinda kabla ya kuingia kwenye msitu wa misindano wa jirani. Ukisimama mlangoni asubuhi, ukungu unakuwa umelala juu ya bonde na unaona vichwa vya mianzi tu vikichungulia. Baba aliipanda kabla sijazaliwa. Alipofariki, watu wa kijijini walitegemea mama atatafuta mwanaume wa kuigema. Mama alisubiri matanga yaishe, akanoa kisu cha baba, akashuka bondeni mwenyewe. Kuna wazee waliokwenda kumsemea kwa baba mdogo. Baba mdogo aliwajibu kwamba haendi kumwambia mwanamke yule chochote akiwa ameshika kisu.

Kwa asiyejua mambo ya Njombe, ulanzi ni maji matamu yanayotoka kwenye chipukizi la mwanzi. Mvua zikianza machipukizi yanachomoza. Unakata ncha, unafungia mbeta, yaani kikombe cha kipande cha mwanzi, na asubuhi unakuta imejaa. Jioni unapunguza ncha tena, inatiririka tena. Ulioteremshwa asubuhi unaitwa mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa kabla ya kwenda shule. Jioni umeanza kuchemka wenyewe. Kesho yake ni mkangafu, na mtu mzima mwenye heshima zake akiunywa anaanza kuhubiri. Siku inayofuata ni siki, mwaga. Ndiyo maana mtu wa kwetu akipewa ulanzi anauliza kwanza, "Wa lini huu?"

Swali hilo nilikwenda nalo chuo kikuu. Wenzangu walikuwa wakisoma magonjwa ya mahindi na udongo wenye chumvi, mimi nikakaa maabara miaka mingi na madumu ya ulanzi yaliyokuwa yakisafirishwa kwa basi, yakifika yameshaanza kutoa povu na kondakta amekasirika. Nilitaka kuusimamisha ulanzi asubuhi. Nilitaka mtogwa ubaki mtogwa, mtu aufungue Dodoma au Mwanza, mwezi wowote, uwe kama umeteremshwa sasa hivi. Tulijaribu kuuchemsha, ukapoteza ladha ukawa kama maji ya kuoshea mboga. Tulijaribu hiki na kile. Mwishowe nilipata njia ya kuupasha kidogo tu, kwa muda mfupi, kuuchuja na kuuziba ukiwa bado na joto. Chupa ya kwanza iliyopita salama niliiweka dirishani kwangu na kuitazama kila nikiamka, kama mtu aliyejifungua.

Kipindi hicho hicho parachichi zilikuwa zimeingia Njombe. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuwepo. Watu waling'oa miti ya chai, waling'oa viazi kabla havijakomaa, waling'oa hata maua ya mbele ya nyumba. Kaka yangu ana duka la pembejeo pale mtaa wa Ramadhani, na nyuma ya duka alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Kila alipokuja nyumbani alisimama kwenye ukingo wa bonde, mikono kiunoni, akiitazama mianzi ya baba kama mtu anayetazama gari bovu lililoegeshwa mahali pazuri.

"Mama, bonde lile lina maji mwaka mzima," alikuwa akisema. "Unafuga mianzi."

"Ngoja chupa ya dada yako," mama alimjibu.

Ndivyo alivyosema kila mara. Majirani wa kushoto walipanda, wa kulia wakapanda, mwalimu mstaafu aliyekuwa akimcheka mtu yeyote anayelima naye akapanda. Mama alingoja chupa yangu. Miche ile mama aliyoikataa, kaka aliwauzia watu wengine, na leo watu hao wana nyumba za bati la rangi. Ninalisema hili mapema ili ieleweke nini kilikuwa hatarini. Kama chupa ingeuzika, mianzi ya baba ingebaki. Isingeuzika, ingeng'olewa, na mama angekuwa amechelewa bure kwa sababu yangu.

Chuo kilikuwa kimefungua ofisi ya kubiasharisha tafiti. Tuliambiwa utafiti usikae kabatini, uende sokoni, na kusema kweli nilikubali kwa moyo wote, maana kabati letu lilikuwa limejaa. Tuliingizwa kwenye kitu kinachoitwa kiatamizi, kana kwamba sisi ni mayai, tukafundishwa kuzungumza na wawekezaji. Hapo ndipo nilipokutana na mwenzangu, mtu wa Dar es Salaam aliyesomea biashara, mwepesi wa kucheka na mchapakazi kuliko mimi. Sitaki mtu amchukie katika habari hii. Aliamka mapema kuliko mimi kila siku tuliyofanya kazi pamoja.

Yeye ndiye aliyenisaidia kupata maneno ya kwenye lebo. Mianzi ya kijani, jina la kampuni, na chini yake: HAUJAGUSWA NA MKONO WA MTU. Niliyapenda sana maneno hayo. Ilikuwa ndiyo kazi yangu yote imeandikwa kwa kifupi. Kutoka kwenye mbeta hadi kwenye chupa, mirija mitupu, chuma kisafi, hakuna kata, hakuna dumu, hakuna kidole. Kwenye mashindano ya ubunifu niliyasema maneno hayo mbele ya majaji na ukumbi ukapiga makofi. Tulishinda. Nilituma picha ya kombe kwenye kundi la familia na kaka akajibu, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Mama, ambaye husomewa ujumbe na mjukuu, alimtumia sauti ya kumkemea.

Tulikodi chumba Makambako. Njombe mjini pangekuwa karibu zaidi na nyumbani, lakini Makambako ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu, mabasi yote yanasimama, malori yanalala, umeme ni wa uhakika zaidi. Kuna upepo pale ambao haujui kuomba radhi. Ulikuwa unapiga mabati ya chumba chetu kutwa nzima, na mwenzangu, aliyezoea joto, alifanya kazi amevaa makoti mawili. Mashine ilipowashwa kwa mara ya kwanza na chupa zikatoka zimepangana, zenye joto, tulikumbatiana katikati ya chumba kile kama watoto.

Chupa ya kwanza kabisa nilimpelekea mama. Aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka kwenye mwanga, akaipindua chini juu. Kisha akaiweka juu ya kabati la vyombo, kando ya picha ya harusi yao. Nilifikiri ameitunza kwa heshima. Sikujiuliza kwa nini hakuinywa, na yeye baadaye aliniambia hata yeye hakujiuliza.

Mwenzangu naye alikuja siku moja kutazama mianzi. Mama alimteremshia mbeta papo hapo, akamimina kwenye kikombe cha bati, akanywa funda mbili, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akampa. Mwenzangu aliduwaa kidogo. Alikizungusha kikombe taratibu, akanywea upande wa pili, akasifia. Njiani kurudi Makambako aliniambia, kwa upole tu, "Unaona? Hicho ndicho tunachokiondoa. Mteja wa mjini huwezi kumpa kikombe chenye midomo ya mtu mwingine."

Nilicheka. Nilimwambia kwetu mwenyeji lazima atangulie kunywa, ni adabu tu, mambo ya zamani ya kuonyesha kwamba hujamwekea mgeni kitu kibaya. Nililisema hivyo hivyo, kwa kinywa changu, mkono kwenye usukani, tukaendelea kuzungumza bei ya vifuniko.

Tuliamua kuzindua kwenye sherehe. Binti wa mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi Tandala, alikuwa anapata kipaimara, na sherehe ingefanyika kwetu kwa sababu ndugu wengi wako Njombe. Sisi ni Walutheri wa siku nyingi. Ulanzi mkangafu hauwezi kuletwa mbele ya mchungaji, na ukiletwa unaletwa umejificha kwenye birika la chai. Mtogwa je? Mtogwa hauna dhambi, shida yake ni kwamba ibada ikirefuka unaweza kuwa na dhambi kabla watu hawajarudi kutoka kanisani. Chupa yangu ilikuwa imemaliza mgogoro huo. Mama alisimama kwenye kamati ya sherehe akasema mwaka huu hakuna kununua soda nyingi, mwanangu ataleta kinywaji cha kwetu, na mchungaji atakunywa mbele ya watu wote. Nasikia alizungumza kama mbunge.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakoma. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki, spika mbili kubwa, wali na kuku na viazi vya kwetu, mabinti kwa nguo nyeupe wakinyanyua pindo zisishike tope. Vijana wa kwaya walipanga chupa zangu kwenye meza zote, kila mgeni na yake. Kutoka mlangoni nilipokuwa nimesimama, zile lebo za kijani zilipendeza. Mshereheshaji akatangaza, "Leo tunakunywa ulanzi wa kisomi!" Watu wakashangilia. Mchungaji akaombea chakula. Watu wakala.

Wakala, na wakaomba soda. Soda chache zilizokuwepo ziliisha, wakaomba maji. Mzee mmoja aliitwaa chupa, akavaa miwani, akasoma lebo yote kwa kusogeza midomo, akairudisha mahali pake taratibu kama kitu cha mtu. Mwingine aliitia mfukoni mwa koti bila kuifungua. Kwenye meza ya wanawake waliotoka Tandala chupa zilisimama vilevile zilivyopangwa, na wali umeisha kwenye sahani. Mimi nilizunguka nikitabasamu. "Karibuni, karibuni, funguni." "Ahsante mama, tutakunywa." Nilidhani baridi ndiyo inawazuia. Nilidhani wanahofia ni pombe. Mwenzangu alidhani vifuniko vimekaza sana.

Mama mdogo alinivuta mkono. "Mwanangu," akasema polepole, asinifedheheshe, "ulanzi huu nani ameuonja?"

"Umepimwa, mama mdogo. Maabara."

"Basi aliyepima aje anywe."

Nilimtazama mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na sahani mapajani, na yeye alikuwa amesikia. Alizungusha macho meza hadi meza. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika, maana na wangu ulikuwa unabadilika vilevile wakati huohuo. Chupa zote zile zilikuwa zimewekwa mbele ya watu na hakuna mtu aliyezitangulia. Hakuna mwenyeji aliyesema kwa funda lake: nikidhurika, nidhurike mimi. Na kana kwamba hilo halitoshi, nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna mkono wa mtu uliopita hapa. Majaji walipiga makofi kwa maneno hayo. Kwa mama mdogo wangu maneno hayo yalikuwa yanatisha.

Mama aliweka sahani chini. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akaenda meza ya kwanza, ya wazee. Akachukua chupa, akaifungua kwa meno kwa sababu mkono uliteleza, akanywa funda moja, akafuta midomo, akampa yule mzee wa miwani. Mzee akapokea kwa mikono miwili. Akanywa. Akasema kitu kwa Kibena kilichoichekesha meza nzima. Mama akachukua chupa ya pili.

Alizunguka meza zote. Alifungua, alionja, alitoa. Alifungua, alionja, alitoa. Kila meza aliyoiacha nyuma ilichangamka, watu wakanywa, wakasifia, "Kumbe ni wenyewe!", "Kama wa alfajiri!", wengine wakaomba wa pili. Mchungaji naye alionjewa. Mwenzangu alikuwa amenyanyua simu anarekodi, anacheka kwa furaha, anasema hili ni tangazo zuri kuliko lolote. Kisha kidogo kidogo simu ikashuka.

"Anafungua zote?" akaniuliza.

"Zote."

Alipofika meza ya mwisho mama alikuwa anatembea polepole, tumbo limejaa, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alirudi kwenye kiti chake akakaa kwa kishindo, akanitazama, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. "Basi," akasema, "wamekunywa." Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Walionikuta pale walifikiri ni furaha, na sikuwakatalia.

Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Ulanzi ulikuwa mtamu, kazi ya maabara ilikuwa sahihi, na kila aliyeonja alipenda. Lakini mama yangu asingeweza kusimama kwenye kila duka kuanzia Njombe hadi Makambako akifungua chupa za watu.

Tulijaribu, tusije tukaonekana tulikaa tu. Maduka ya Njombe yalipokea kreti, yakazirudisha zimeshika vumbi. Pale Makambako tulizipeleka kwa abiria. Abiria wa kwetu walitazama kifuniko, wakapita, wakaenda nyuma ya stendi kwa mama anayeuza wa kwenye ndoo, anayechota na kuonja kwanza. Abiria wa mbali walisikia neno ulanzi wakasema hawanywi pombe safarini. Waliokuwa wanaijua pombe hiyo walionja wakasema mbona hauna kitu. Nilipendekeza tumweke mtu pale stendi, mwanamke mwenye heshima, awe anafungua chupa, anaonja, anamimina kwenye glasi za wateja. Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila kejeli, sasa tunaiziba ya nini.

Swali hilo ninatembea nalo hadi leo.

Kiangazi kilipoingia mianzi ilikauka machozi yake, kama kawaida, na mashine ikalala. Hapo ndipo mwekezaji mmoja alipokuja kututembelea, mtu mstaarabu, akakaa kwenye chumba chetu huku upepo unapiga mabati, akatuuliza swali moja tu la maana: mashine hii inafanya nini miezi ambayo hakuna ulanzi? Aliipenda njia yangu. Alisema njia hiyo inaweza kutunza maji ya miwa, na miwa iko mwaka mzima, na watu wa pwani wanayanywa tayari, na hakuna anayeuliza nani ameyaonja. Ofisi ya chuo ilifurahi. Mwenzangu alifurahi, na alikuwa na haki, alikuwa amekula upepo wa Makambako kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine. Mashine ilipakiwa kwenye lori ikashuka kwenda pwani.

Kwa hiyo utafiti wangu umefanikiwa, naomba nieleweke. Haukukaa kabatini. Uko sokoni, una kiwanda, una vijana walioajiriwa, na chuo kinapopata wageni hutajwa miongoni mwa mifano. Mimi nilipandishwa cheo. Nikiwa Dar es Salaam naweza kuingia dukani nikanunua chupa ya maji ya miwa iliyotunzwa kwa njia niliyoitafuta kwa ajili ya bonde moja la Njombe. Nimewahi kununua mara moja. Ni mazuri, na sikuweza kuyamaliza.

Mama hakuniuliza habari za chupa. Alinipigia simu siku moja akanisalimu, akauliza watoto, akauliza mvua, kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya sukari, "Nimemwambia kaka yako alete miche."

"Mama, ngoja kwanza—"

"Nimechoka kugema, mwanangu. Magoti hayashuki tena bondeni."

Magoti yake yalikuwa mazima. Jumapili iliyotangulia alikuwa amekwenda kanisani kwa miguu na kurudi. Alikuwa ananiondolea mzigo, na mimi nilimwacha auondoe, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Nilikwenda siku ya kung'oa. Mianzi haitoki kwa urahisi, mizizi yake imeshikana chini, ukivuta shina moja unalivuta bonde zima. Walikuja na misumeno ya moto, ile ya kukatia misindano, wakakata, kisha wakachimba, wakachoma. Kaka alisimamia. Hakusema "nilikwambia", na ningefurahi kama angesema, tungegombana yakaisha. Badala yake aliokota mbeta moja iliyokuwa imesahaulika juu ya shina, akaipangusa kwa shati lake, akampelekea mama. Mama aliiangalia ndani kama ina kitu, akaitundika kwenye msumari jikoni. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokiri moyoni kwamba najuta. Sijutii maabara. Ninajutia miaka ile mama aliyosimama ukingoni mwa bonde akiwaambia watu wangoje chupa ya binti yake, akiamini kila neno.

Parachichi zimekua. Zimeshaanza kuzaa na wanunuzi wanakuja na malori yao hadi ukingoni mwa bonde. Mama anazihudumia vizuri, kwa sababu hajui kufanya kitu vibaya, na ana bati jipya. Asubuhi ukungu bado unalala bondeni, ila sasa hakuna kitu kinachochungulia juu yake.

Mwaka huu nilipokwenda kurudisha funguo za chumba cha Makambako, ambacho tulikuwa tumekigeuza stoo, nilikuta chini ya rafu, nyuma ya maboksi ya lebo, chupa moja. Kifuniko kizima. Niliipeleka kwanza maabara, mazoea ni mazoea, nikatoa ulanzi kidogo sana kwa sindano kupitia kifuniko na kukiziba tena kwa nta, nikapima. Ilikuwa vilevile. Hakuna kilichoamka ndani yake. Nilikaa kwenye kiti changu cha maabara na kuicheka karatasi ya majibu, maana hata mimi sikuwa nimetegemea ningekuwa sahihi kiasi hicho.

Nilimpelekea mama. Tulikaa jikoni, yeye upande wa moto. Nilifungua, na kabla sijafikiri mkono ulikuwa umeshapeleka chupa mdomoni kwangu. Funda moja. Nikafuta midomo. Nikampa.

Mama alinitazama. Kisha akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho.

"Wa lini huu?" akauliza.

"Wa bondeni kwetu, mama."

"Hilo nimelijua kabla hujasema. Wa lini?"

"Wa asubuhi."

Akatikisa kichwa polepole kukubali. Akanywa tena kidogo tu, kiasi cha kulowesha ulimi, kisha akanyoosha mkono kuomba kifuniko. Alikirudisha juu ya chupa kwa uangalifu, akakigongagonga kwa kiganja mpaka kikakaa, akainuka, akaiweka juu ya kabati, kando ya picha ya harusi yao, pale ilipokaa ile ya kwanza.

"Nitaunywa kidogo kidogo mpaka Pasaka," akasema. "Si ulisema huu wako hauchachi?"

Chupa ilikuwa imeshafunguliwa. Kesho jioni ingeanza kuchemka, keshokutwa ingekuwa mkangafu, na baada ya hapo siki. Njombe nzima hakuna mtu anayelijua hilo kuliko mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema.